"Sawa" na "Ghairi" kwenye vitufe: jibu kwa mwenye programu ya duka

Mkuu, umeuliza kama kisanduku cha kuthibitisha kiwe na "Ndiyo" na "Hapana" au "Sawa" na "Ghairi". Mimi ningeacha yote, kitufe kitaje kitendo chenyewe.

Natengeneza programu za maduka na za vikundi vya kuweka na kukopa, na watu hukwama zaidi kwenye kisanduku cha namna hii: "Unataka kughairi oda hii?" Chini yake "Ghairi" na "Sawa". Muuzaji yuko kaunta, mteja anamsubiri, na yeye hajui abonyeze wapi. "Ghairi" hapo inaghairi oda, au inaghairi lile ombi la kughairi? Weka "Futa oda" na "Rudi kwenye oda", na hakuna atakayekwama. Miongozo ya Apple na Microsoft kwa watengeneza programu nayo inapendelea kitenzi mahususi kwenye vitufe. Mimi hupima kwa kuziba swali kwa kidole na kusoma kitufe peke yake. Nisipojua kitafanya nini, naandika upya.

Kwa programu ya stoo, angalia sana "Ondoa" na "Futa". Ukiondoa sukari kwenye oda, sukari bado ipo stoo. Ukifuta bidhaa, rekodi yake imekwenda. Muuzaji akiona neno moja kwa mambo yote mawili, siku moja atapoteza hesabu za mwezi. Neno ulilochagua lishikilie mpaka kwenye ujumbe unaofuata: kitufe kikiwa "Tuma maombi", ujumbe uwe "Maombi yametumwa", siyo "Imewasilishwa kikamilifu".

Swichi zina shida yake. Ukiandika "Washa arifa" pembeni ya swichi ambayo tayari imewaka, unamwambia mtu awashe kilichowaka. Andika "Arifa" tu, swichi yenyewe itaonyesha hali.

Kama utaweka na menyu ya USSD (ile ya kupiga nyota na reli) kwa wenye vitochi, ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 182 tu, kwa hiyo "Tafadhali chagua huduma unayoihitaji" inakula nafasi bure. Anza na "1. Lipa".

Halafu wape watu wasiojua programu waitumie ukiwa umekaa pembeni, kimya. Apple walipokuwa wakiijaribu Lisa, kompyuta iliyotoka 1983, kitufe cha kukubali kiliandikwa "Do It", yaani fanya. Mjaribu mmoja akawa anabonyeza cha kughairi badala yake, na amekasirika. Kumbe alikuwa anasoma "Dolt", yaani mpumbavu. Wakabadilisha, wakaweka "OK". Kosa la namna hiyo wewe mwandishi huwezi kuliona, maana unajua tayari ulichokusudia.

Bandika hapa maneno ya skrini yako ya malipo, tuyapitie moja moja. Hiyo ndiyo ningeanza nayo, kwa sababu pesa ikishatumwa kimakosa, kuirudisha ni kazi.