Wiki Sita za Kusubiri Jibu la Chuo cha Marekani

Vyuo vingi vya Marekani vinavyopokea maombi ya mapema hufunga dirisha tarehe 1 Novemba, vichache 15 Novemba, na majibu hutoka katikati ya Desemba. Ni wiki kama sita, na zinawakosesha usingizi wanafunzi na wazazi wao. Wasiwasi huo ni wa haki kabisa. Unapoleta hasara ni pale mwanafunzi mwenye alama nzuri anapoacha kila kitu akisubiri chuo kimoja, halafu jibu linakuja la hapana na hana ombi lingine lililo tayari.

Kwanza hakikisha unajua umeomba nini. Early Decision inakufunga: ukikubaliwa na msaada wa kifedha ukatosha, umeamua, na maombi yako mengine yote unayaondoa. Early Action haikufungi, na kwa kawaida unaweza kukaa na jibu lako hadi 1 Mei. Harvard, Yale, Princeton na Stanford wana aina ya tatu, isiyokufunga lakini inayokuzuia kuomba mapema kwenye vyuo vingine binafsi vya Marekani. Kuomba vyuo vya nchi nyingine, kama Makerere au Dar es Salaam, hakukatazwi, mradi ombi lenyewe halikufungi.

Wiki mbili za kwanza kazi yako ni akaunti ya mwombaji. Baada ya kutuma fomu, chuo hukutumia barua pepe ya kufungua akaunti kwenye tovuti yake, na mara nyingi barua hiyo hutua kwenye folda ya barua taka. Ndani ya akaunti kuna orodha ya vilivyopokelewa na visivyopokelewa. Usishtuke ukiona barua ya mwalimu ya kukupendekeza imeandikwa haijafika siku tatu baada ya kutumwa, maana Novemba ofisi za udahili huwa na mlima wa nyaraka na huchukua wiki moja au mbili kuzipanga. Wiki ya tatu ikifika bado haionekani, andika barua pepe fupi yenye jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na namba ya mwombaji. Majina ndiyo yanayoleta matatizo mengi: cheti cha shule kina majina matatu kwa mpangilio mmoja, fomu ina mawili kwa mpangilio mwingine, basi nyaraka zinakaa bila mwenyewe.

Ingia kwenye akaunti mara moja kwa wiki, inatosha. Kuna watu mtandaoni wanaosoma ishara: rangi ya ukurasa imebadilika, kitufe kipya kimetokea, ofisi ya fedha imeomba hati ya mshahara wa baba. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokuambia jibu. Hati za fedha huombwa kwa waombaji wengi, wakiwamo watakaokataliwa.

Sasa jambo zito zaidi. Dirisha la kawaida hufungwa siku za mwanzo za Januari. Ukingoja jibu la Desemba ndipo uanze maombi mengine, umebaki na wiki mbili, na Krismasi imo humohumo. Kwetu shule zimefungwa, mwalimu wa fizikia yuko kijijini ambako mtandao ni wa kubahatisha, na muhuri umefungiwa ofisini kwa mkuu wa shule. Kwa hiyo kabla shule hazijafungwa chukua nakala nne za ripoti ya alama zilizopigwa muhuri na kusainiwa, na uziskani vizuri, kila ukurasa usomeke. Kwenye Common App, tovuti ambayo fomu moja hutumwa kwa vyuo vingi, mwalimu akishapakia barua yake, hiyohiyo huenda kwa kila chuo ulichokiambatanisha na jina lake, ila kuambatanisha ni kazi yako wewe, chuo kwa chuo. Hakikisha pia mwaliko ulikwenda kwenye anwani ambayo mwalimu anaifungua.

Insha za nyongeza za vyuo hivyo vingine andika Novemba. Kwa watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, hii ni ngumu kwa sababu mtihani uko mezani, basi mtihani utangulie na insha zianze siku unapoweka kalamu chini. Kuandika "kwa nini nakitaka chuo hiki" siku mbili baada ya kukataliwa na chuo ulichokipenda ni kazi inayoumiza, na wasomaji wa insha hizo huuona uchovu huo.

Kuhusu saa ya majibu, chuo hutangaza siku na saa mapema kidogo, na saa hiyo huwa ya mashariki ya Marekani au ya magharibi. Mwezi Desemba New York iko nyuma yetu saa nane. Vyuo vingi vya mashariki hutoa majibu saa moja jioni yao, ambayo Nairobi na Dar ni saa tisa usiku. Wapo wanaoona 7:00 PM kwenye barua wakakaa na simu kuanzia saa moja jioni ya hapa, wakifungua ukurasa tupu usiku kucha. Jaribu nywila yako siku mbili kabla, kisha lala. Jibu utalikuta asubuhi, ukisoma na mtu mmoja unayemwamini. Ukoo mzima utajua baadaye.

Ukihamishiwa awamu ya kawaida, yaani ombi lako litaamuliwa pamoja na yale ya Januari, hujakataliwa, wala hujakaribia kukubaliwa. Vyuo vina tabia tofauti: Stanford huwahamisha wachache tu na wengi huwapa jibu la mwisho Desemba hiyohiyo, ilhali MIT huwahamisha wengi na kuwapa fomu ya taarifa mpya Februari. Soma maelekezo ya chuo chako. Kikiruhusu barua, andika moja, isizidi ukurasa mmoja, yenye mambo mapya tu. Kwa Mkenya jambo jipya lenye nguvu kuliko yote ni matokeo ya KCSE, ambayo miaka ya karibuni yametoka Januari. Kwa wa kidato cha sita Tanzania ni alama za muhula uliokwisha Desemba. Usirudie insha yako, usitume barua za mapendekezo tano, na usimtume mjomba apige simu.

Ukikubaliwa, soma barua ya fedha kabla ya kushangilia. Chukua gharama yote ya mwaka, toa ruzuku isiyorudishwa peke yake. Kazi ya kampasi na mkopo usivihesabu kama zawadi. Kisha uliza kama bima ya afya na tiketi ya ndege vimo. Kiasi kisipotosha, andikia ofisi ya fedha siku hizohizo, uambatanishe hati za mishahara na risiti za karo za wadogo zako. Kosa tunalolikuta sana kwenye CSS Profile, fomu ya kueleza hali ya fedha ya familia, ni kuchanganya shilingi na dola, au kujaza pato la mwezi palipoulizwa la mwaka. Likiwepo, lisahihishe kwa maandishi. Early Decision nayo inakuruhusu kujitoa ikiwa msaada kweli hautoshi.

Ukikataliwa, huwezi kuomba tena chuo hicho msimu huo. Kilichobaki ni orodha yako ya Januari, na vyuo vyenye Early Decision ya pili, ambayo majibu yake hutoka karibu katikati ya Februari. Nayo inafunga, na mkataba wake unataka sahihi ya mwombaji, ya mzazi na ya mshauri wa shule. Namba ya simu ya huyo wa tatu iombe Novemba, kabla hajaondoka likizo.