Maswali yenu kuhusu shakuhachi: sikio au rula?

Swali: Fundi wa filimbi hii ya mwanzi ya Kijapani hufuata vipimo au husikiliza moyo wake?

Jina lenyewe ni kipimo: shaku moja na sun nane (hachi ni nane), kwa vipimo vya zamani vya urefu vya Kijapani, karibu sentimita 54.5. Lakini kata mianzi miwili ya urefu huo, toboa matundu matano yaleyale, upate filimbi mbili zisizofanana tabia. Siri imo ndani, kwenye uwazi wa mwanzi. Ukipuliza, hewa humo huwa na sehemu inapokwenda mbio na sehemu inapotulia huku shinikizo likipanda na kushuka. Bana uwazi penye mbio, noti itashuka. Bana penye shinikizo, itapanda. Hiyo ni fizikia. Taabu ni kwamba sehemu hizo huhama kwa kila noti, hivyo kiraka kinachoponya noti ya chini huweza kuiharibu ya juu.

Sasa mtazame fundi. Anabandika ndani kipande cha karatasi kilicholowa, anapuliza, anasikiliza, anakisogeza kidogo, anapuliza tena. Sauti ikifunguka, anaweka pale ji, yaani unga wa jiwe uliokandwa na utomvu wa mti wa urushi. Fizikia inaeleza kwa nini karatasi imesaidia. Kama sauti imependeza, hilo ni la sikio, na mimi nisingemwamini fundi asiyepuliza anachokitengeneza.

Swali: Nimeambiwa mwanzi mnene wa shina una sauti ya joto, plastiki haina. Kweli?

Mwaka 1971, Mmarekani John Coltman alijaribu filimbi za Kizungu za fedha, shaba na mbao, zenye uwazi uleule wa ndani. Wasikilizaji na wapigaji hawakuweza kuzitofautisha kwa sauti. Kinachoamua zaidi ni umbo la uwazi na ukingo unaopulizwa. Hata hivyo mimi hupiga mwanzi. Uzito wake mkononi hunituliza, na nikitulia pumzi hurefuka.

Swali: Programu ya simu inayopima noti inaniambia nakosea kila mara. Mwalimu ananiambia niizime. Nimsikilize nani?

Mwalimu, kwa sasa. Kwanza pasha filimbi joto kwa pumzi, maana katika hewa baridi sauti husafiri polepole na noti hushuka. Kisha jifunze meri: kuinamisha kidevu ili noti ishuke. Noti hiyo hutoka hafifu, kama iliyofunikwa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Simu itakupa kimo chake tu. Giza lake hailipimi. Wajapani husema ni miaka mitatu ya kutikisa kichwa, basi usijilaumu kwa miezi yako michache. Washa simu mara moja kwa wiki, uone umefika wapi.

Swali: Yangu imepasuka nilipoiacha chumbani penye kiyoyozi.

Pole sana. Ni hewa kavu. Mpelekee fundi aifunge kwa uzi, na baadaye uitunze ndani ya mfuko wa plastiki.