Mbwa mzee, dawa ya viungo na kinyesi cha asubuhi

*Shikamoo daktari. Mbwa wangu wa miaka 11 anatumia meloksikamu mwezi wa tatu sasa, nyonga zinamsumbua. Anatembea vizuri, ila juzi alikunya choo cheusi. Nisubiri? (Mikindani)*

Marahaba. Usisubiri. Dozi ya leo usimpe, na mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii. Choo cheusi kinachonata kama lami ni damu iliyokwisha kusagwa tumboni. Dawa za maumivu kama meloksikamu huzuia kemikali zinazoleta maumivu na uvimbe, lakini ndugu zao hao hao ndio wanaolinda ukuta wa tumbo. Wakipungua, tindikali ya tumbo huanza kuula ukuta huo, na kidonda huweza kuvuja damu siku kadhaa huku mnyama akitembea vizuri tu, kwa sababu maumivu yamefunikwa. Kama jana yake alikula maini au damu ya machinjioni, mwambie daktari, maana hivyo navyo hutia weusi.

*Dawa namfichia kwenye dagaa kabla hajala. Sawa? (Kilwa Masoko)*

Dagaa wawili si chakula. Ale kwanza ashibe, ndipo dawa. Akisusa chakula, dawa isubiri na umpigie daktari. Mara nyingi kususa ndiyo dalili ya mwanzo kwamba dawa inamdhuru.

*Msimu wa korosho mbwa wetu anakula mabibo na kuharisha. Nitajuaje kama ni mabibo au dawa? (Newala)*

Kwa macho hutajua, mama, na mimi pia nisingejua. Mfungeni mbali na mikorosho, msimamishe dawa hadi daktari aseme. Kisha chukua daftari la shule: kila siku andika amekula kiasi gani, ametapika au la, choo kina rangi gani. Kila mwezi mbebe upande naye kwenye mzani, halafu upande peke yako, utoe. Daftari hilo, pamoja na kipimo cha damu cha figo na ini kila baada ya miezi 6 hivi, litamwambia daktari mengi kuliko “anaendelea vizuri”.

*Paka anachechemea. Nimpe nusu Panadol? (Nachingwea)*

Hapana. Hata robo. Parasetamoli huua paka: ini lake haliwezi kuivunja, na damu hushindwa kubeba oksijeni. Diklofenaki na ibuprofeni zilizobaki kabatini nazo ziacheni huko huko, msimpe mbwa wala paka.