Umepewa idara ya mafunzo, bajeti kiduchu: uanzie wapi?

Dada, hongera kwa cheo. Umesema kiwanda chenu hapo Jinja, Uganda, kimekupa umeneja wa mafunzo, na bosi anataka mpango wa mwaka mzima kwa pesa ndogo.

Orodha ya kozi iweke kando kwanza. Nenda kwa wasimamizi wa zamu, uwaulize mashine husimama wapi na mali huharibika wapi. Mara nyingi utakuta tatizo si ujuzi: spana haipo, au maagizo yamebandikwa kwa Kiingereza na nusu ya zamu huelewana kwa Kisoga na Kiswahili. Hapo semina ya hotelini ni kutupa pesa.

Likiwa kweli ni pengo la ujuzi, mtumie fundi wenu hodari, ila mwelekeze kwanza namna ya kufundisha. Wengi wanaijua kazi lakini kuieleza hawawezi.

Kuhusu kupima kama mafunzo yamefaa, Mmarekani Donald Kirkpatrick alieleza mwaka 1959 hatua nne: washiriki wameyapokeaje, wamejifunza nini, utendaji umebadilika, kampuni imepata nini. Watu huishia ya kwanza, ile fomu ya "mmefurahi?" inayojazwa haraka haraka kabla ya chakula. Wewe rudi baada ya miezi mitatu, simama kando ya mashine, utazame mikono yao.

Cheti cha chuo cha uongozi, Uganda Management Institute, kitasubiri. Kwanza jifunze kusoma bajeti, maana mhasibu ndiye atakayekukatia fungu. Mpango uwe ukurasa mmoja.