Corolla 110 kupoteza nguvu mlimani kisha kurudi sawa

Ndugu, umeeleza kwamba Corolla yako ya mwaka 1998 yenye injini ya 5A-FE hupoteza nguvu inapopanda mlima wa Kitonga, na kwamba ukiizima kwa dakika chache huendelea na safari kana kwamba haikuwa na tatizo. Kupona huko baada ya kuzimwa ndiyo dalili ya kuzingatia kuliko zote, kwa sababu uchafu wa ndani ya tangi huvutwa na pampu hadi ukaziba chujio lake, kisha pampu inaposimama huachia na kushuka chini.

Pima presha ya mafuta gari likiwa barabarani na mzigo, si gereji tu. Ukichomoa hosi ya hewa kwenye regyuleta (kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta), injini hiyo inapaswa kuonyesha presha ya psi 38 hadi 44. Geji ya kupimia presha ibaki nje ya kioo cha mbele. Mpira wenye petroli usiingizwe ndani ya gari hata kidogo.

Kama dashibodi ina mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika), ukaanguka hadi sifuri ghafla huku gari likiwa kwenye gia na bado linatembea, acha upande wa mafuta, kagua koili na distributa, vifaa vya kupeleka umeme kwenye plagi, ambavyo huweza kufeli vikipata joto. Plagi, ambazo mafundi wengi hukimbilia kuzibadilisha, zikichoka kwa kawaida huleta misi (injini kukosa kuwaka sawasawa) isiyoondoka kwa kupumzisha gari.

Presha ya mafuta ikishuka chini ya kiwango hicho cha psi na ukalikuta chujio la pampu limeziba, shusha tangi na ulisafishe lote kabla ya kufunga jipya.