Amu ya Mto na Amu ya Kwetu

Mwanangu,

Barua yako imefika, na swali lake limenifurahisha. Umesema uliona kwenye ramani mto wa Asia ya Kati uitwao Amu Darya, ukataka kujua kama hiyo Amu ina undugu wowote na Amu yetu hii, ambayo ramani huiandika Lamu. Haina, mwanangu, yamefanana matamshi tu.

Amu ya mto ule imetokana na Amul, mji wa kale uliokuwa kivuko cha misafara iliyotoka Merv kwenda Bukhara. Mto ukapewa jina la mahali ulipovukwa, na mji wenyewe, ajabu, ukalipoteza, maana leo unaitwa Türkmenabat, nchini Turkmenistan.

Neno la pili ndilo lenye mambo. Kwa Mwajemi wa Irani, darya ni bahari, lakini kwa Mtajiki na Muuzbeki ni mto. Kwa hiyo anayesema "Mto Amu Darya" ametaja mto mara mbili, kama tusemavyo Ziwa Nyasa ilhali nyasa kwa Kiyao ni ziwa.

Waarabu waliuita Jaihuni, na nchi iliyo kaskazini yake wakaiita Mawarannahr, yaani iliyo ng'ambo ya mto. Huko ndiko alikozaliwa Imamu Bukhari mwaka 810, ambaye jina lake umelisikia chuoni tangu utotoni.

Wayunani waliandika Oxos, ndiyo maana vitabu vya historia husema Oxus. Jina hilo ni la kale zaidi, nalo latokana na Vakhsh, ambao hadi leo ni mto unaoungana na Panj mpakani mwa Tajikistan na Afghanistan, na hapo ndipo Amu Darya huanza. Karibu na makutano hayo, mahali paitwapo Takht-i Sangin, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta madhabahu ndogo ya jiwe iliyobeba sanamu ya shaba ya mpiga zumari mbili. Kwenye jiwe hilo, kwa herufi za Kiyunani, mtu mwenye jina la Kiajemi, Atrosokes, ameandika kwamba anatimiza nadhiri yake kwa Oxos, kwani kwa watu wa huko mto ulikuwa mungu.

Wako akupendaye,
Babako