Huzuni ipo, ila sasa inachezeka

Unasema The xx, ile bendi ya Uingereza, wamepoteza huzuni yao kwenye I See You, albamu yao ya 2017. Mimi siioni hivyo. Rudi kwanza kwenye albamu yao ya kwanza, ile ya 2009: gitaa la mwimbaji Romy linadondosha noti moja moja, besi ya mwimbaji mwenzake Oliver inatembea chini yake, halafu kimya. Na kwa kimya hichohicho wakabeba Mercury Prize, tuzo ya albamu bora ya mwaka huko Uingereza, mwaka 2010. Coexist, albamu yao ya pili ya 2012, ilizidi kupoa, na kusema kweli mimi nilikuwa nasinzia kabla haijafika nusu.

Aliyebadilisha mambo ni Jamie, mtengeneza midundo wao. Mwaka 2015 alitoa albamu yake mwenyewe ya dansi, In Colour, na aliporudi kwa wenzake alikuja na vionjo vyake vyote. I See You inafunguliwa kwa tarumbeta, jamani! Nilidhani nimebonyeza bendi nyingine. Kwenye wimbo On Hold amechukua kipande cha wimbo wa wanamuziki wawili wa Marekani, Hall & Oates, akakikatakata, akakirusha pale kwenye kiitikio mpaka mabega yanacheza yenyewe. Lakini hebu fuatilia maneno: ni mtu aliyejua mpenzi wake yupo tu anamsubiri, kumbe mwenzake kashaondoka zamani.

Vaa hedifoni uisikilize hiyo umekaa, bila kucheza. Romy na Oliver bado wanapokezana mistari kama watu wawili wanaonong'onezana taa zikiwa zimezimwa.